Milioni 20 ya darasa inaishia wapi? Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu ujenzi wa madarasa kwenye kata yetu

Habari zenu wazazi na majirani. Mimi ni katibu wa kamati ya mapokezi kwenye ujenzi wa sekondari yetu ya kata huku Kanda ya Ziwa, kazi yangu rasmi ni kuhesabu mifuko na kusaini karatasi za mzigo, ila siku hizi nimegeuka dawati la malalamiko. Nikienda mnadani naulizwa, nikipanda bodaboda naulizwa, juzi msibani mzee mmoja kanivuta pembeni kabla hata chakula hakijaja akataka kujua bati zimefikia wapi. Kwaiyo nimeyaandika hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii alafu tuendelee na mengine.

Serikali si ilishatoa milioni 20 kwa kila darasa? Mbona mnatuomba mchanga na mawe?

Hili ndo namba moja, na wanaouliza wana haki. Ile namba ya milioni 20 wengi tuliisikia mwaka 2021, wakati ule mkopo wa IMF wa kama trilioni 1.3 ulipoingia na serikali ikasema inajenga madarasa 15,000, yani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, vile vishule vidogo vya watoto wanaokaa mbali na shule mama. Mwaka uliofuata yakaja mengine 8,000 kwa bilioni 160, piga mahesabu utaona ni milioni 20 ileile.

Sasa shida iko hapa. Hiyo milioni 20 ni ileile ukiwa Kibaha na ni ileile ukiwa kijiji cha mwisho Kigoma. Aliyeko Kibaha kiwanda cha simenti cha Wazo Hill kiko karibu, sisi mfuko unasafiri kutoka Pwani mpaka Ziwa, unashushwa mjini, unapakiwa tena kwenye fuso, mvua ikinyesha fuso inakwama mtoni siku mbili na tingo anakula kwa hela ya mwenye mzigo. Mfuko ukifika hapa sio mfuko uleule tena kwa bei.

Chukua mfano mdogo, kamati imepiga hesabu ya mifuko 200, alafu bei imepanda 3,000 tu kwa mfuko kati ya siku ya kuandika na siku ya kununua. Hapo 600,000 imeshaondoka na hujagusa nondo. Na mara nyingi hiyohiyo milioni 20 ilitakiwa itoe mpaka viti na meza. Ndo maana mchanga, mawe, maji na kuchimba msingi vinarudi kwetu. Tukisema nguvu za wananchi tunamaanisha pengo ambalo halimo kwenye hundi, mimi naona bora liitwe hivyo hadharani kuliko kuitana wavivu kwenye mikutano.

Kwani simenti na nondo zimepanda kwa sababu gani?

Sababu ziko nyingi na zimepandana. Kwanza mafuta. Agosti 2022, baada ya vita ya Ukraine, petroli Dar ilifika 3,410 kwa lita, na hapo serikali ilikuwa inaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi. Dizeli ikipanda hakuna kitu cha ujenzi kinachobaki chini kwa sababu simenti ni mzigo mzito, kokoto ni mzigo mzito, hata kiwanda chenyewe kinakula nishati. Ndo maana mimi Jumatano ya kwanza ya mwezi nasikiliza bei za mafuta za EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, kama watu wanavyosikiliza matokeo ya Simba na Yanga.

Pili, bati na nondo. Zinatengenezwa hapa nchini ndio, ila makoili ya bati yanatoka nje na chuma cha kuyeyusha nacho kingi kinatoka nje, kwaiyo meli zikipanda nauli na dola ikipanda, dukani unaona mabadiliko kabla mzigo mpya haujafika, maana mwenye duka anawaza atakavyonunua kesho.

Tatu, kodi. Kuna VAT asilimia 18, alafu tangu Julai 2023 kuna ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo ya simenti. Mfuko una kilo 50. Buku moja hiyo.

Na ya nne ambayo watu wanaisahau, ni sisi wenyewe. Ukiambia halmashauri zote nchi nzima zijenge maelfu ya madarasa kwa wakati mmoja na zimalize kabla shule hazijafunguliwa Januari 2022, unategemea nini? Kila kata ilikuwa dukani siku moja. Simenti ikaadimika, mafundi wazuri wakaadimika, fundi aliyekuwa anakubali kazi kwa heshima akaanza kukuuliza "mnalipa kwa wiki au kwa hatua?"

Mbona kata jirani walimaliza kwa hela ileile na sisi bado tuko kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha?

Wao walinunua mapema. Nasema ukweli, walikaa kikao Ijumaa, Jumatatu walishalipia simenti yote na bati zote wakaziacha kwa msambazaji kwa maandishi, sisi tulikaa vikao vitatu tunabishana rangi ya bati. Bluu au kijani! Tulipokubaliana bei ilishabadilika. Na wao mchanga uko mtoni kwao, wanachota, sisi tunanunua.

Fosi akaunti ni kitu gani hasa? Si mngempa mkandarasi tupumzike?

Fosi akaunti maana yake shule inajenga yenyewe. Hela inakuja kwenye akaunti ya shule, wananchi na walimu wanaunda kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ambayo ndo yetu. Fundi ni wa palepale, tunalipa ufundi peke yake, vifaa tunanunua wenyewe. Mhandisi wa halmashauri anakuja kukagua kila hatua, msingi, jamvi, linta, kenchi.

Uzuri wake ni bei, maana huongezi faida ya mkandarasi. Ubaya wake ni kwamba mwalimu mkuu anageuka msimamizi wa saiti, anafundisha fizikia kipindi cha kwanza na cha pili yuko juu ya tofali anabishana na fundi. Ubaya mwingine, kwenye fosi akaunti hakuna mtu wa kubeba hasara. Mkandarasi akipigwa na bei, kwa mikataba mingi anaumia yeye kwanza. Sisi tukipigwa na bei jengo linasimama, basi.

Hela iliingia tuliambiwa, mbona ujenzi ulisimama wiki sita?

Kuingia na kutumika ni vitu viwili. Hela ikifika tunatakiwa tupitishe manunuzi kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, ambao ulichukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Mfumo ni mzuri, siupingi, unaona nani kaomba kazi na kwa bei gani. Ila mwenye duka wa hapa senta hakuwa amejisajili, hana mashine ya risiti ya EFD, na mwenye vyote hivyo yuko mjini kilomita nyingi na anaongeza usafiri. Ukiongeza kodi ya zuio inayokatwa kwenye malipo, msambazaji naye anaiweka kwenye bei tangu mwanzo, hakuna anayekubali kuumia.

Intaneti nayo. Mwalimu wetu alikuwa anapanda kile kilima cha nyuma ya shule na laptopu kwenye mfuko wa rambo, kisa mtandao unashika huko tu. Wiki sita zilikwenda hivyo. Na tarehe 30 Juni haisubiri mtu, mwaka wa fedha ukifungwa kama hela haijatumika unaanza barua za kuomba ibaki.

Nani aliamua shule mpya ijengwe kule na sio kwetu?

Njia yake inatakiwa iwe hivi: kijiji kinakaa mkutano mkuu kinataja kipaumbele, inapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata ambapo diwani ni mwenyekiti, inapanda halmashauri, wataalamu wanachambua, baraza la madiwani linapitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, inaenda TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, mpaka bungeni. Ila miradi mikubwa kama SEQUIP, ule wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 kwa sekondari, na BOOST ya shule za msingi, ina vigezo vyake. Shule ya SEQUIP ni zaidi ya milioni 500, inakuja na madarasa, maabara, jengo la utawala, maktaba, kwaiyo wanaangalia kata isiyo na sekondari kabisa au yenye msongamano, na wanaangalia kama kuna ardhi.

Ardhi hapo ndo tulipoanguka. Kule walitoa eka za kutosha zenye maandishi, huku kwetu familia mbili zilikuwa hazijaelewana mpaka uko wapi. Diwani alilaumiwa bure kwa hili, kwa mengine sijui.

Boma letu tulilijenga kwa jasho, limeota majani ndani. Litamaliziwa lini?

Utaratibu uliozoeleka ni wananchi wanapandisha boma mpaka linta, serikali inaleta za kumalizia, kiwango kilichokuwa kinatajwa ni milioni 12.5 kwa boma la darasa. Kenchi, bati, plasta, sakafu, madirisha, milango, rangi. Hapohapo bei ya bati ndo inakung'ata kuliko kitu chochote.

Kingine ambacho hatuambiani, boma likikaa masika matatu bila paa linaharibika. Mhandisi alikuja akagonga kozi za juu na nyundo, zikatoka kama keki. Akasema bomoeni kozi nne. Wazee walinuna siku hiyo, kuna mmoja alikuwa amebeba tofali zile na mkokoteni wake mwenyewe. Kwaiyo ushauri wangu ni msianze boma la pili kabla la kwanza halijapata paa, hata kama mwanasiasa anawapigia makofi.

Halmashauri inakusanya ushuru kila siku, kwani haiwezi kujenga yenyewe?

Inajenga ila kidogo kidogo. Halmashauri nyingi zinatakiwa zipeleke asilimia 40 ya mapato ya ndani kwenye maendeleo, zenye mapato makubwa asilimia 60 na kuendelea. Humo kuna asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile ya 4-4-2. Kinachobaki kinagawana zahanati, masoko, barabara za ndani, na madarasa ya kata zote. Alafu huku kwetu mapato yenyewe ni ushuru wa mazao asilimia 3, pamba ikiwa mbaya msimu huu na hela ya madarasa ni mbaya mwakani. Mwenye mgodi kwenye wilaya yake anaongea lugha nyingine kabisa.

Elimu si bure? Mchango ni lazima?

Ada ilifutwa Januari 2016 mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Michango ya kulazimisha Magufuli aliipiga marufuku Januari 2018 na wote tunakumbuka walimu wakuu walivyotetemeka.

Mchango wa hiari unaoamuliwa na mkutano wa kijiji, ukaandikwa kwenye muhtasari, ukapata kibali, huo upo. Mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu mama yake hajatoa ndoo ya mchanga, hapana, huo haupo, na ukimwona mtu anafanya hivyo nenda kwa mtendaji, akikuzungusha nenda kwa mkuu wa wilaya. Mwalimu asishike hela ya mchango mkononi. Na mzazi asiye na hela anaweza kuja siku ya msaragambo, yani kazi ya pamoja ya kijiji, jembe lake linahesabika.

Tutajuaje kama hela haijaliwa?

Angalia ubao wa matangazo wa shule na wa kijiji, mapato na matumizi yanatakiwa yabandikwe. Hakuna? Omba kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaitishwa kila baada ya miezi mitatu, na ukiuliza kwa mstari mmoja "mifuko mingapi imenunuliwa na mingapi iko ukutani" utaona nani anatafuta miwani. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, nayo inatoka kila mwaka mwezi wa nne ikishafika bungeni, inataja halmashauri kwa majina, isomeni jamani, iko kwa Kiswahili pia. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wana ofisi wilayani.

Nyie mnapokeaje vifaa? Mnaangalia au mnasaini tu?

Hapa niacheni niseme kidogo maana ndo kazi yangu na nimeaibika nayo.

Mara ya kwanza tulisaini tu. Tipa la mchanga lilikuja saa moja jioni, limejaa mpaka katikati imetoka mlima, tukasema safi sana. Lilipomwaga tukaona kichuguu. Mlima ulikuwa katikati tu, pembeni kote body ilikuwa nusu. Toka siku hiyo nina futi kamba mfukoni: dereva anasawazisha mchanga kwanza na koleo, napima urefu, upana na kina, naandika, anasaini yeye kwanza ndo nasaini mimi. Usiku hatupokei. Kuna dereva alinuna akasema mimi ni afisa wa barabara, nikamwambia sawa afisa, shusha koleo.

Bati ilikuwa mbaya zaidi. Tuliagiza geji 28. Kumbukeni namba ikipanda bati linapungua unene, kwaiyo geji 30 ni jembamba kuliko 28, wengi wanadhani kinyume. Mzigo ukaja umeandikwa 28 kila mahali, lebo inang'aa. Mama mmoja wa kamati yetu, anauza mitumba huyu, hajawahi kujenga, akashika kona ya bati akalipepesa akasema hili linalia kama sahani ya plastiki. Tukacheka. Mhandisi alipokuja na kile kipimo chake kidogo cha kubana akakuta ni 30. Mzigo wote ulirudi, duka silitaji, wakaleta mwingine baada ya siku tisa, na katika siku hizo tisa mvua ilinyesha ikaingia stoo na mifuko kumi na moja ya simenti ikaganda kuwa mawe. Iko pale nyuma ya choo, wanafunzi wanaikalia.

Simenti ipangwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na ya kwanza kuingia iwe ya kwanza kutoka. Nimejifunza kwa mifuko kumi na moja.

Si tutumie tofali za kuchoma, ni rahisi?

Ni rahisi kama hauhesabu miti. Mafundi wetu wanajua kuchoma ila tanuru moja linakula kuni za kutisha, na ramani za sasa nyingi wanataka bloku za simenti. Kinachookoa hela ya kweli ni kumwagilia bloku siku saba badala ya kuzijenga kesho yake zikavunjika. Maji hapa tunanunua, najua, bado ni nafuu kuliko kununua bloku moja mara mbili.

Mbona Dar wanajenga shule za ghorofa?

Dar wamekwishiwa eneo. Ghorofa inahitaji nondo nyingi, zege la kutosha, mtaalamu kila siku, darasa moja la juu lina gharama kuliko la chini. Sisi tuna ardhi, tukimaliza kugombana mipaka.

Nasikia 2028 kutakuwa na kidato cha kwanza mara mbili. Ni kweli?

Kweli kabisa na mimi hili linaninyima usingizi kuliko bei ya nondo. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, shule ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima inakuwa miaka 10. Sasa mtoto aliyeanza la kwanza 2021 anamaliza la saba mwaka 2027. Aliyeanza la kwanza 2022 yuko kwenye utaratibu mpya, anamaliza la sita mwaka 2027 hiyohiyo. Madarasa mawili yanatoka mlango mmoja, Januari 2028 yote yanaingia kidato cha kwanza.

Hesabu ya shule yetu ni hii. Tunachukua mikondo minne ya wanafunzi 40, yani 160. Mwaka huo tutapokea kama 320. Tunahitaji vyumba vinne vya ziada ambavyo havipo, na hao watoto hawapotei, wanapanda nao kidato cha pili, cha tatu, cha nne, mpaka 2031. Vyoo sasa: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Wa ziada 160, tuseme nusu kwa nusu, ni matundu manne ya wasichana na manne ya wavulana. Meza na viti 160. Walimu sisemi, walimu hawajengwi na kamati.

Sensa ya 2022 ilitukuta watu milioni 61.7 na tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, kwaiyo hata bila mtaala mpya watoto wangeongezeka, ila taratibu. Tukisubiri bajeti ya 2027 tutakuwa dukani siku moja na nchi nzima kama 2021. Mchanga na mawe havipandi bei vikiwa vimeshamwagwa hapa uwanjani.

Mimi ni fundi, nitapataje kazi hapo?

Njoo na kitambulisho cha NIDA, namba ya TIN, na utuonyeshe jengo moja ulilomaliza ambalo halijapasuka. Kamati ya manunuzi inashindanisha bei ya ufundi. Vijana wa kata wanapewa kipaumbele kwenye vibarua. Malipo ni kwa hatua baada ya mhandisi kusaini, usije ukatuambia unataka yote mwanzoni.

Kikao kijacho lini?

Jumamosi saa tatu asubuhi, chini ya mwembe wa shule, ikinyesha tunahamia darasa la kidato cha pili B, lile lenye paa. Ajenda ni mawe ya msingi wa vyumba vinne. Mwenye trekta aje mapema tuongee mafuta.